Ngumi, Muay Thai, mieleka au jujitsu: uanze na upi kabla ya kuingia kizimbani?

Anayetaka kupigana MMA, yaani mapigano mseto ya kizimbani, hukwama mapema kwenye swali moja: aanzie wapi? Kila unayemuuliza ana jibu lake tayari. Bondia atakwambia mikono ndiyo kila kitu. Mwanajudo atatikisa kichwa. Kijana aliyemtazama Khabib Nurmagomedov akiwaangusha watu hadi akastaafu na ushindi 29 bila kushindwa hata mara moja atakusihi usipoteze muda na ngumi. Wote hao wana ushahidi, na wote wanasema kweli kwa sehemu. Hapa nimeiweka michezo minne inayolisha kizimba kuliko mingine yote, nikaiuliza maswali yaleyale. Uamuzi utakuwa wako, kwa sababu mwili ni wako na mtaa unaoishi ni wako.

Sheria kwanza

Thamani ya kila mchezo hupangwa na sheria, kwa hiyo tuanzie hapo. Tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, UFC, shirika linaloandaa mapambano haya, ilipofanya shindano lake la kwanza, wanaume wanane waliingia kizimbani bila madaraja ya uzito na bila majaji. Kung'ata na kutia vidole machoni kulikatazwa. Mengine karibu yote yalikuwa ruksa. Wanasiasa walikasirika, seneta John McCain akaufananisha mchezo ule na kupiganisha majogoo, na majimbo mengi yakaupiga marufuku. Uliokolewa na kanuni. Mwaka 2000, chini ya bodi ya michezo ya jimbo la New Jersey, zilianza kutumika Sheria Zilizounganishwa, na ndizo zinazoongoza mapambano mengi unayoyaona leo.

Pambano la kawaida ni raundi 3 za dakika 5, la ubingwa ni raundi 5, na mapumziko ni dakika 1. Wapiganaji hugawanywa kwa uzito, kuanzia kilo 52.2 kwa wanawake wepesi hadi kilo 120.2 kwa wanaume wazito. Unaweza kushinda kwa nokauti, kwa mwamuzi kusimamisha pambano mpinzani anapoacha kujilinda, kwa kumkaba au kumbana kiungo hadi agonge kwa mkono kukubali yaishe, kwa uamuzi wa daktari, au kwa pointi za majaji watatu. Mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake 9 au pungufu.

Makosa ni mengi: kupiga kwa kichwa, kung'ata, kuvuta nywele, kupiga nyeti, kupiga kisogo au uti wa mgongo, kukunja kidole kimojakimoja, kushika uzio. Huruhusiwi kumpiga teke wala goti la kichwa mtu aliye chini. Kuanzia Novemba 2024, "aliye chini" ni yule ambaye sehemu yoyote ya mwili wake imegusa sakafu, ukiacha viganja na nyayo. Mabadiliko hayohayo yaliruhusu kiwiko kinachoshuka wima kutoka juu, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kosa.

Sio kila shirika linafuata kanuni hizi neno kwa neno. ONE Championship ya Asia, kwa mfano, inaruhusu goti la kichwa kwa aliye chini, na majaji wake hupima pambano zima badala ya raundi moja moja. Na ukianza kama mpiganaji wa ridhaa chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa, IMMAF, utakuta raundi 3 za dakika 3, kinga za ugoko, na viwiko vimekatazwa. Hiyo ndiyo sura ya kizimba utakayokutana nayo kwanza, kwa hiyo usipange safari yako kwa kutazama mapambano ya ubingwa peke yake.

Kuna mambo mawili ndani ya kanuni hizi ambayo wanaoanza huyapita haraka. La kwanza ni glovu. Za kizimbani ni za wakia 4, vidole vikiwa wazi ili mtu aweze kushika. Bondia amezoea kujificha nyuma ya glovu kubwa. Kizimbani ngumi hupenya kwenye kinga hiyohiyo. La pili ni namna majaji wanavyohesabu. Wanaanza kupima mapigo yaliyoumiza pamoja na mieleka iliyozaa kitu. Kusonga mbele na kutawala eneo huangaliwa tu pale kigezo cha kwanza kinapolingana. Kumlalia mtu bila kumpiga wala kumkaba hakukupi mengi, na mwamuzi anaweza kuwasimamisha.

Vigezo

Pambano lina sehemu tatu: mnaposimama mbali, mnapokumbatiana (mara nyingi mmoja amebanwa kwenye uzio), na mnapokuwa chini. Nitauliza kila mchezo unakupa nini katika sehemu hizo na unakuacha wazi wapi. Kisha mwili wako utalipa nini kwa miaka ya mazoezi, mwalimu na vifaa vinapatikana vipi, na mchezo wenyewe unamfaa nani. Swali la mwalimu nalipa uzito mkubwa. Mchezo bora duniani hauna faida kama anayeuweza yuko umbali wa safari ya usiku kucha kwa basi.

Ngumi

*Inachokupa.* Mikono yenye kasi, macho yanayoiona ngumi ikija, miguu inayojua kukaa mbali na kuingia, na pumzi. Zaidi ya hayo, ngumi hukuzoesha kupigwa ukaendelea kufikiri, na wengi wanaotoka kwenye michezo ya kushikana hilo huwachelewa sana. Francis Ngannou, aliyekulia Batié nchini Cameroon akifanya kazi kwenye machimbo ya mchanga, alifika Paris akitafuta kuwa bondia, na ni huko alikoelekezwa kwenye MMA. Machi 2021 alimwangusha Stipe Miocic kwa nokauti katika raundi ya pili akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC.

*Inapokuacha wazi.* Kila mahali pengine. Katika shindano lile la Denver, bondia Art Jimmerson aliingia amevaa glovu mkono mmoja tu. Royce Gracie, mtu wa jujitsu, alimwangusha, akamkalia kifuani, na Jimmerson akagonga kabla hata hajakabwa. Agosti 2010, James Toney, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi, alikutana na mwanamieleka Randy Couture. Alishikwa mguu sekunde za mwanzo, akaenda chini, akakabwa raundi ya kwanza. Ngannou mwenyewe alionja hilo: Januari 2018, kabla ya ubingwa wake, Miocic alimwangusha na kumkandamiza kwa raundi 5, na majaji wote watatu wakaandika 50 kwa 44. Mguu wa mbele wa bondia hubeba uzito mwingi, kwa hiyo mateke ya paja na ya muundi humtesa pia.

Lakini mtazame Ngannou Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane, mtaalamu wa kupigana kwa kusimama. Kuanzia raundi ya tatu Ngannou ndiye aliyekuwa akimwangusha mwenzake, na ndivyo alivyoshinda kwa pointi. Miaka minne ilitosha kuziba pengo ambalo watu walisema halizibiki. Kuanza na ngumi hakukufungi maisha.

*Mwili unalipa nini.* Kichwa. Ngumi za mazoezini hujumlishana hata kama hujawahi kuzimia, na ubongo hauponi kama msuli. Kocha anayewapiganisha vijana kwa nguvu zote kila jioni anatumia akiba ambayo hawataipata tena.

*Mwalimu na vifaa.* Hapa ngumi inaipita michezo mingine yote Afrika Mashariki. Robert Wangila wa Kenya alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe waliirudisha Tanzania nyumbani na medali za shaba za ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Nyuma ya majina hayo kuna makocha wa mitaani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wengine wakifundisha kwenye uwanja wa udongo. Bandeji, kinga ya meno, kamba ya kuruka, na glovu kubwa za mazoezi: umeanza.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye kasi, asiye na pesa nyingi, anayeishi mahali ambapo kocha wa ngumi yupo na wa kitu kingine hayupo.

Muay Thai

*Inachokupa.* Ngumi, viwiko, magoti na mateke ya ugoko, pamoja na kazi ya kukumbatiana ambayo bondia hutenganishwa nayo na mwamuzi. Ndiyo elimu ya kusimama inayokaribia zaidi kanuni za kizimbani. Aprili 2010 José Aldo alimchapa Urijah Faber mateke ya paja hadi mguu ukavimba na Faber akawa hawezi kusimama sawasawa. Pambano lilienda raundi 5 lakini lilikuwa limeamuliwa mapema. Joanna Jędrzejczyk na Valentina Shevchenko walitoka kwenye Muay Thai wakawa mabingwa wa UFC.

*Inapokuacha wazi.* Anayerusha teke anasimama kwa mguu mmoja, na mwanamieleka hungoja hilo tu. Msimamo ni wima, nyonga ziko juu. Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyelelewa na kikiboksi, alipopanda uzito Machi 2021 kupigana na Jan Błachowicz, alikwenda vizuri kwa kusimama, kisha akaangushwa raundi ya nne na ya tano akapoteza kwa pointi. Aliangushwa na mzito kuliko yeye, hilo likumbukwe, lakini mlango ulikuwa uleule.

*Mwili unalipa nini.* Goko, nyonga na magoti kwa mateke. Kichwa pia, ingawa waalimu wengi wa Thailand wenyewe hufanya mazoezi ya kupigana kwa wepesi, na ukimpata aliyeshika desturi hiyo umebahatika.

*Mwalimu na vifaa.* Kikiboksi ipo katika miji mingi yetu. Muay Thai kamili, yenye viwiko na kukumbatiana, ni adimu zaidi. Uliza mapema: je, wanafundisha kukumbatiana, au wanarusha mateke kwenye begi tu?

*Inamfaa nani.* Mrefu, mwenye nyonga laini, anayependa kupigana kwa kusimama na anataka silaha zaidi ya mbili.

Mieleka, na judo jirani yake

*Inachokupa.* Uamuzi wa pambano lipiganwe wapi. Anayejua kuangusha, na anayejua kukataa kuangushwa, ndiye mwenye kuchagua. Kamaru Usman, mzaliwa wa Auchi, Nigeria, alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo vya daraja la pili Marekani mwaka 2010. Machi 2019 akawa bingwa wa UFC. Khabib alitoka Dagestan na sambo, mchezo ulio ndugu wa mieleka na judo. Mazoezi ya mieleka pia hujenga uvumilivu ambao sijauona ukijengwa hivyo mahali pengine: kuchoka na kuendelea kusukuma, jioni baada ya jioni.

*Inapokuacha wazi.* Mieleka ya Olimpiki haina ngumi wala kabali. Anayeingia miguuni ameinamisha kichwa anajiweka kwenye njia ya goti, na shingo yake anaitoa zawadi. Julai 2019 Ben Askren, aliyeiwakilisha Marekani kwenye mieleka ya Olimpiki ya 2008, alichupia miguu ya Jorge Masvidal na kukutana na goti la kuruka. Sekunde 5, kwisha. Hadi hapo Askren hakuwa amepoteza pambano hata moja. Na kwa jinsi majaji wanavyopima siku hizi, kuangusha bila kufanya lolote baadaye hakulipi.

*Mwili unalipa nini.* Magoti, mabega, shingo, masikio yanayovimba na kukomaa hivyo, na magonjwa ya ngozi kama choa pale mikeka isipooshwa. Kichwa husalimika zaidi kuliko kwenye ngumi. Kuna pia tabia ya kukata uzito kwa kujikausha maji. Kijana anayekua asiiguse.

*Mwalimu na vifaa.* Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapobanwa. Vilabu vya mieleka ya Olimpiki vyenye mkeka na mwalimu ni vichache. Ndiyo maana nimeiweka judo papo hapo. Zanzibar ina mizizi ya judo, na Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo, kilo 73, kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Judo inafundisha kutupa mtu ukiwa umesimama karibu, kumshikilia chini, na hata kabali na kubana kiwiko. Ronda Rousey alikuwa na shaba ya judo ya Beijing 2008 kabla hajawa bingwa wa UFC. Kayla Harrison alikuwa na dhahabu mbili, za 2012 na 2016, na mwaka 2025 akautwaa ubingwa huo huo. Upungufu wake ni nguo: kizimbani hakuna kola wala mkono wa kanzu wa kushika, na mwanajudo lazima ajifunze upya kushika kwapa, shingo na kiuno. Mapigo nayo yanamngoja. Novemba 2015 Rousey alimkimbilia Holly Holm, bingwa wa zamani wa ngumi, na Holm akamzimisha kwa teke la kichwa.

Familia za Waswahili zilizohamia Marekani zina nafasi ambayo nyumbani haipo: shule nyingi za sekondari huko zina timu ya mieleka. Mtoto anayetamani kizimba aingizwe hapo kwanza, ngumi zingoje.

*Inamfaa nani.* Mwenye umbo la nguvu na kimo cha chini, mwenye subira ya mazoezi magumu, na hasa mtoto au kijana mdogo, kwa kuwa mieleka na judo huachia kichwa miaka mingi zaidi.

Jujitsu ya Brazil

*Inachokupa.* Kumaliza pambano chini bila kumpiga mtu ngumi hata moja, na utulivu unapokuwa mgongoni na mtu yuko juu yako. Royce Gracie, mwembamba wa kilo 80 hivi, alishinda shindano la kwanza la UFC kwa elimu hii. Charles Oliveira ndiye anayeongoza kwa ushindi wa kukaba na kubana viungo katika historia ya UFC, na hiyo ni miaka mingi baada ya kila mtu kujua kabali ni nini.

*Inapokuacha wazi.* Safari ya kufika chini. Jujitsu nyingi ya vilabuni huanza watu wakiwa wameketi au wamepiga magoti, kuangusha kukipewa dakika chache tu. Na kulala mgongoni ukisubiri nafasi, kwenye kanuni zenye viwiko, ni kupoteza raundi na damu. Mei 2006 Gracie huyohuyo alikutana na Matt Hughes, mwanamieleka aliyejifunza jujitsu ya kutosha kuikataa. Mwamuzi aliingilia raundi ya kwanza Gracie akiwa kifudifudi anapigwa.

*Mwili unalipa nini.* Vidole, magoti, shingo. Unaweza kufanya mazoezi kwa nguvu karibu kamili na ukaenda kazini kesho yake, mradi mnaheshimu kugonga. Hakuna mchezo katika hii minne unaozeeka vizuri na mtu kama huu.

*Mwalimu na vifaa.* Vilabu viko miji mikubwa, ada mara nyingi iko juu kuliko ya ngumi, na vazi la mazoezi huongeza gharama. Tafuta klabu yenye vipindi vya bila vazi, ndivyo vinavyofanana na kizimba. Ukiwa Ghuba, hali ni nyingine kabisa: Falme za Kiarabu zinafundisha jujitsu hadi mashuleni, na ADCC, mashindano ya kukabana na kubana viungo bila ngumi, yalianzia Abu Dhabi mwaka 1998. Mkanda mweusi huchukua takriban miaka 10, lakini ulinzi wa kutosha kuingia pambano la ridhaa huja mapema zaidi.

*Inamfaa nani.* Aliyeanza akiwa mtu mzima, mwepesi wa mwili, anayependa kufikiri, na asiyetaka kuhatarisha kichwa anachokitegemea kazini.

Na darasa la MMA moja kwa moja?

Linafaa kama kocha amepigana au amewapeleka watu kizimbani, na ana msaidizi wa mchezo asioujua yeye. Unajifunza tangu mwanzo kuunganisha ngumi na kuangusha, jambo ambalo bondia na mwanajudo huhangaika nalo baadaye. Hatari ni kugusa kila kitu na kutoshika chochote. Ukilichagua, shikilia sehemu moja ya pambano uifanye yako kwanza.

Kulingana na hali yako

Una miaka 18 hadi 25, mtaani kuna kocha mzuri wa ngumi na hakuna kingine: anza hapo leo, na mwaka huohuo tafuta mtu wa judo au mieleka wa kukufundisha kitu kimoja tu, kukataa kuangushwa. Nyonga nyuma, miguu irushwe nyuma, kifua kimkandamize. Kujifunza kuangusha wengine kunaweza kungoja.

Unamtafutia mtoto mchezo: judo au mieleka. Ngumi za kichwa zisubiri akue.

Umevuka 30 na una familia: jujitsu, pamoja na mazoezi mepesi ya kusimama ili usishtuke ukirushiwa ngumi. Kama lengo ni pambano moja la ridhaa na si kazi ya maisha, mwambie kocha tangu siku ya kwanza.

Tayari unacheza judo au mieleka: ngumi na mateke ya msingi, kisha kabali ya mbele, kwa sababu ndiyo itakayotumiwa dhidi yako kila utakapoingia miguuni.

Tayari unacheza kikiboksi: nenda kwenye Muay Thai ya kukumbatiana kabla ya jujitsu. Uzio utakukuta na mtu amekukumbatia kabla hujawahi kufika chini.

Una vilabu viwili vya michezo tofauti na huwezi kuamua: nenda kila kimoja jioni moja ukae pembeni utazame. Angalia mkeka umeoshwa au la. Angalia kocha anafanya nini mtu anapogonga, na kama wazito wanawapunguzia wepesi nguvu. Angalia aliyepigwa kichwani akayumba anarudishwa ulingoni au anaketishwa na kutumwa hospitali. Klabu inayoketisha watu wake ndiyo ya kulipia ada, hata kama mchezo wake haukuwa chaguo lako la kwanza.